Simu ya Ofisi na Mtu Anayeipokea

Mawakili wawili wanapofungua ofisi yao ya kwanza, iwe Moshi, Mwanza au Nakuru, mambo yanayowanyima usingizi yanajulikana: kodi ya pango, kibao cha mlangoni, kabati la majalada, kompyuta, viti vya wateja. Simu haimo. Inanunuliwa laini, inawekwa kwenye kifaa cha bei nafuu, kisha anakabidhiwa binti au kijana aliyeajiriwa wiki hiyohiyo kwa mshahara ulio chini kuliko wote ofisini. Maelekezo anayopewa ni sentensi moja: wakipiga, pokea. Kwa daktari wa meno mwenye kiti kimoja cha matibabu, kwa mhasibu anayetunza hesabu za maduka ya mtaani, kwa mpima ardhi na kwa mkunga mwenye kliniki yake, hali haina tofauti kubwa.

Mhadhara huu unasimama upande wa yule binti. Hoja yake ni kwamba huduma ya kitaaluma inaanza pale karani wa mapokezi anaposema "halo," muda mrefu kabla mteja hajakaa mbele ya wakili au daktari. Anachouliza karani, anachoandika na anachonyamazia kina uzito uleule wa ushauri unaotolewa chumba cha ndani. Ofisi inayolikubali jambo hilo hulazimika kumpa mafunzo na mamlaka yanayolingana na uzito huo, na mshahara nao utazamwe upya.

Chukua simu moja. Ni Jumatatu, saa nne na robo asubuhi. Mawakili wote wawili wako mahakamani, simu zao zimezimwa. Mama mtu mzima anapiga kutoka Korogwe kwa simu ya mjukuu wake.

"Halo, shikamoo mama," karani anaanza, maana sauti imekwisha kumwambia anaongea na mtu wa umri gani.

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo mama, karibu."

Mama anaeleza. Mumewe alifariki akaacha shamba, shemeji zake wakalidai, shauri likaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na baraza limewapa wao. Hakuridhika. Jirani amempa namba hii. Karani anasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha anasema, "Wakili hayupo mama, jaribu kesho." Kwenye karatasi anaandika: mama wa Korogwe, shamba. Kesho yake mama hana salio. Keshokutwa mjukuu amesafiri na simu yake. Wakili, ambaye ana wateja watatu wanaotoka Korogwe na wote wana mashauri ya mashamba, anaiona karatasi, anadhani ni mmoja wao, anaiweka chini ya jalada lisilohusika.

Hakuna aliyefanya ukorofi hapo. Karani alikuwa na heshima, mama alikuwa mvumilivu, wakili alikuwa kazini. Ila sheria ya Tanzania inayosimamia mahakama za migogoro ya ardhi inatoa siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu tangu siku baraza la wilaya lilipotoa uamuzi. Siku hizo zilikuwa zinakatika wakati mama anasimulia, na hakuna mtu aliyemuuliza hukumu ilitolewa tarehe ngapi. Zikipita, njia iliyobaki ni kuomba kuongezewa muda: maombi mengine, gharama nyingine, miezi mingine, na sababu za kuchelewa zenye kuiridhisha mahakama.

Karani aliyefundishwa angeuliza mambo manne ndani ya dakika mbili. Uamuzi ulitoka tarehe ngapi? Baraza la wapi? Jina lako kamili kama lilivyo kwenye karatasi za kesi, na majina ya hao mnaodaiana nao? Namba gani nikupigie, na ya nani? Kisha angekata simu na kupiga yeye, ili salio la mjukuu lisiishie kwenye maelezo. Kwa maswali hayo hajatoa ushauri wowote wa kisheria. Amefungua mlango wa ushauri huo kabla haujafungwa na kalenda.

Kuna sababu swali la majina ya upande wa pili linatakiwa kuja mapema, hata kabla ya simulizi yenyewe. Wakili haruhusiwi kuhudumia pande mbili zinazogombana. Mama akishamwaga yote aliyo nayo, nyaraka alizonazo na hofu alizonazo, halafu ikagundulika kwamba shemeji yake ni mteja wa ofisi hiyohiyo tangu mwaka juzi, ofisi imejiingiza kwenye tatizo ambalo kuomba radhi hakutalitatua. Kwa hiyo karani anamkatiza kwa upole: "Samahani mama, kabla hujaendelea, naomba nijue shauri ni kati yako na nani." Anaangalia kwenye orodha ya wateja, na kama jina limo, anasema tu kwamba ofisi hii haitaweza kulipokea shauri hili na kumshauri atafute wakili mwingine haraka. Hasemi kwa nini. Sababu yenyewe ni siri ya mteja mwingine.

Wasiwasi juu ya mtu anayekaa kati ya mteja na mtaalamu una umri karibu sawa na simu yenyewe. Alexander Graham Bell alipata hataza yake Machi 1876. Januari 1878, katika mji wa New Haven nchini Marekani, ilifunguliwa swichibodi ya kwanza ya kibiashara ikiwa na wateja 21, na orodha ya wenye simu iliyochapwa mwezi uliofuata, karatasi moja tu isiyo na namba, ilikuwa tayari na sehemu ya madaktari na ya madaktari wa meno. Wataalamu wa ofisi ndogo walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuona faida ya chombo hiki. Kampuni za wakati huo ziliwaweka wavulana kuunganisha simu, wengi wao wakitoka kwenye ofisi za telegrafu, na wavulana hao wakawa wanatania na kutukana wateja. Tarehe 1 Septemba 1878 kampuni moja ya Boston ikamwajiri Emma Nutt, mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo, na alikaa kazini zaidi ya miaka 30. Kilichogunduliwa Boston ni kwamba sauti na subira ya anayepokea ni sehemu ya bidhaa inayouzwa.

Kisa cha Almon Strowger kinagusa zaidi. Strowger alikuwa na biashara ya kuandaa mazishi Kansas City, biashara ambayo mteja hupiga mara moja, akiwa na huzuni, na akimkosa huyu anampata mwingine palepale. Inasimuliwa kwamba aliona kazi zinampungua, akamshuku mwunganishaji simu wa mjini, ambaye katika simulizi hiyo alikuwa mke wa mshindani wake, kuwa anapeleka simu za wafiwa kwa mumewe. Liwe kweli au la kuhusu mke huyo, matokeo yamo kwenye kumbukumbu: Machi 1891 Strowger alipewa hataza ya mtambo unaounganisha simu bila binadamu katikati, na Novemba 1892 mtambo huo ukaanza kazi La Porte, jimbo la Indiana. Mitambo ya ukoo huo iliendelea kuunganisha simu duniani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20.

Strowger alikuwa na haki ya kutaka kumwondoa mtu wa katikati, kwa sababu mtu huyo hakuwa wake. Ofisi ndogo ya leo inamchagua yenyewe mtu wake wa katikati. Ndiyo maana inasikitisha kuona kliniki ya watu watatu ikiweka sauti ya mashine inayosema bonyeza moja kwa hili, mbili kwa lile, ili ifanane na benki. Mzee mwenye kitochi, anayepiga huku kaliweka shavu mkononi kwa maumivu ya jino, anasikiliza orodha hiyo huku dakika zake zikiliwa. Pale ambapo kuna mtu mmoja tu wa kupokea, mashine ya kuchagua namba haiongezi mikono, inachelewesha tu.

Suala la mikono lina hesabu yake, na aliyeifanya ni Mdenishi. Agner Krarup Erlang aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwanzoni mwa karne ya 20, akapewa swali ambalo kila bosi wa ofisi ndogo hulijibu kwa kubahatisha: laini ngapi zinatosha? Mwaka 1909 alichapisha kazi yake ya kwanza juu ya jambo hilo, na mwaka 1917 akatoa kanuni ambayo wahandisi wa simu wanaitumia mpaka leo.

Ipeleke kanuni hiyo kwenye kliniki ya meno yenye laini moja. Tuseme simu 10 zinaingia kwa saa, kila moja inachukua wastani wa dakika tatu. Jumla ni dakika 30 za mazungumzo ndani ya dakika 60. Daktari anaitazama hesabu hiyo na kuridhika: nusu saa nzima simu imekaa bure, wa nini kuongeza laini? Erlang anajibu kwamba wapigaji hawapangi foleni. Wanakuja bila utaratibu, wawili kwa pamoja, kisha kimya, kisha watatu. Kwa kiwango hicho, mpigaji mmoja katika kila watatu anakuta laini ina shughuli. Laini ya pili ikiwepo, pamoja na mtu wa pili wa kuipokea, wanaokwama wanashuka hadi takriban wanane katika kila 100. Ya tatu inawashusha hadi mmoja hivi.

Hesabu hiyo ina kipengele ambacho wenye ofisi hukisahau. Karani makini akimaliza kuongea anahitaji muda wa kuandika. Akitumia dakika mbili kwa kila simu, dakika tatu zinakuwa tano, na wanaokuta simu haipokelewi wanapanda mpaka karibu 45 katika kila 100. Jibu la wengi ni kumwambia aache kuandika, na ndipo karatasi za "mama wa Korogwe" zinapozaliwa. Jibu lililo bora ni kaunta buku iliyokwisha kupigwa mistari: tarehe na saa, jina kamili, namba, ni simu ya nani, shida kwa maneno ya mpigaji, ameahidiwa nini, nani atampigia, na chumba kidogo cha kuweka alama jambo likimalizika. Nafasi zikiwa tayari, anaandika huku anaongea. Buku hiyo inagharimu pesa kidogo sana, na wakili anayerudi kutoka mahakamani saa nane mchana anaisoma yote kwa dakika chache.

Uingereza imelipitia tatizo la laini kwa kiwango cha taifa. Kliniki za madaktari wa familia nchini humo nyingi ni ofisi ndogo, na kwa miaka mingi desturi ilikuwa kufungua simu saa mbili asubuhi na kugawa nafasi za siku hiyo mpaka ziishe. Mamia ya wagonjwa wakawa wanapiga dakika ileile. Anayekwama anarudia, na kurudia kwake kunaongeza msongamano uliomkwamisha. Mei 2023 huduma ya afya ya England ilitoa mpango uliotenga pauni milioni 240 kwa zana za kidijitali za kliniki hizo, ikiwemo mifumo ya simu inayoweza kumpigia mgonjwa zamu yake ikifika, na mkataba wa madaktari ukarekebishwa ili mgonjwa asiambiwe tu apige siku nyingine. Zahanati ya Tabora haina pauni hizo, lakini sehemu ya pili ya dawa hiyo haihitaji pesa: kuacha kusema "jaribu kesho."

Kupiga tena kunaleta swali la nani analipa, na hapo Afrika Mashariki ina desturi yake. Kila mtu anajua kubipu. Mtafiti Jonathan Donner, aliyefanya uchunguzi wake miongoni mwa wafanyabiashara wadogo nchini Rwanda, alichapisha mwaka 2007 makala juu ya kanuni za kubipu, akionyesha kwamba mlio mmoja unaokatika unaweza kuwa ombi la kupigiwa, ujumbe uliokubaliwa kabla, au salamu tu, na kwamba watu wanatarajia mwenye uwezo zaidi ndiye abebe gharama. Kati ya mteja na ofisi ya wakili, mwenye uwezo anajulikana. Hata hivyo zipo ofisi ambazo karani haruhusiwi kupiga namba zilizobipu, kwa hoja kwamba zinapoteza vocha. Kumbe miongoni mwa namba hizo yumo mteja mpya aliyebakiwa na salio la sekunde chache, na mteja wa zamani anayetaka kujua kesi yake imepangwa kutajwa lini.

Bando la dakika la mwezi mzima ni gharama ndogo katika vitabu vya ofisi yoyote inayolipa umeme na pango. Liwe kifungu kinachojitegemea kwenye bajeti, chini ya uangalizi wa karani mwenyewe, asilazimike kuomba vocha kila asubuhi kama mtoto anayeomba nauli. Karani anayeomba ataacha kuomba, na atakapoacha kuomba ataacha kupiga.

Kwenye tiba, swali sahihi kwenye simu linaweza kuokoa zaidi ya rufaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Jeff Clawson, akifanya kazi na kikosi cha zimamoto cha Salt Lake City huko Marekani, aliandika seti ya kadi kwa ajili ya wapokeaji wa simu za dharura: mpigaji akisema hivi, uliza hivi, akijibu hivi, mwelekeze hivi. Wapokeaji hawakuwa madaktari, na kadi hazikuwafanya kuwa madaktari. Ziliwapa maneno yaliyokwisha kufikiriwa na daktari, wayatumie wakati daktari hayupo. Njia hiyo imeenea katika nchi nyingi.

Kliniki ya meno inaweza kuandika kadi yake mchana mmoja. Mtoto wa miaka 11 ameanguka uwanjani, jino la mbele la utu uzima limetoka zima. Mwalimu anapiga. Karani asiye na kadi anampa nafasi ya saa tisa. Mwenye kadi anamwambia alishike jino upande wa juu, asiushike mzizi, asilisugue. Kama lina uchafu alisuuze kidogo tu, na kama mtoto ametulia lirudishwe kwenye tundu lake na mtoto aume kitambaa safi. Ikishindikana, litumbukizwe kwenye maziwa, na mtoto aletwe sasa hivi, maana uwezekano wa jino hilo kushika tena unapungua sana baada ya saa moja, na nusu saa ni bora kuliko saa. Karani anaongeza swali moja: ni jino la utoto au la ukubwani? La utoto halirudishwi. Kadi ya pili inahusu uvimbe. Mpigaji akisema uso umevimba, karani anauliza kama anapumua vizuri, anameza mate, anaweza kufungua mdomo, ana homa kali. Akisikia kupumua au kumeza kuna shida, hatoi nafasi ya miadi kabisa. Anamwelekeza hospitali kubwa iliyo karibu mara moja na kumwarifu daktari, kwa sababu maambukizi ya jino yanayoshuka chini ya ulimi na shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa.

Kadi hizo ziandikwe kwa maneno anayoyatumia mgonjwa mwenyewe, na daktari aweke sahihi yake chini. Sahihi hiyo inamlinda karani. Akilaumiwa, ataonyesha kwamba alisoma kilichoandikwa.

Siri ndiyo eneo ambalo ofisi ndogo zinavuja zaidi, na chanzo ni umbo la chumba. Meza ya mapokezi iko hatua mbili kutoka benchi la wanaosubiri. Karani akirudia kwa sauti, "Ulikuja kwa ajili ya vipimo vya nini?" anarudia mbele ya jirani wa mpigaji. Spika ya simu ni mbaya zaidi. Ni afadhali karani arudie namba na tarehe tu, jina la ugonjwa au la mdaiwa aliandike kimya. Wajibu huu haumfungi mtaalamu peke yake. Sheria ya ushahidi ya Kenya, kwa mfano, inapozuia wakili kutoa siri za mteja inawagusa pia makarani na watumishi wake. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimeongeza mzigo mwingine: kaunta buku yenye majina, namba na shida za watu ni kumbukumbu ya taarifa binafsi, haifai kulala juu ya meza usiku wala kupigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Simu za familia zinahitaji uangalifu wa pekee. Namba iliyoachwa ni ya mjukuu, au ya mume. Ofisi ikipiga na kupokelewa na mwingine, karani aseme jina lake yeye bila jina la ofisi, aulize kama mama Fulani yupo, na kama hayupo aseme atapiga baadaye. Mke aliyekwenda kwa wakili kuulizia talaka anaweza kuumia nyumbani kwa sababu ya sentensi moja ya karani mchangamfu.

Desemba 2012 watangazaji wawili wa redio ya Sydney walipiga simu alfajiri katika hospitali binafsi ya King Edward VII, London, alikokuwa amelazwa mke wa Prince William, wakijifanya Malkia Elizabeth na mwanawe Charles. Saa hiyo hapakuwa na mtu wa mapokezi. Muuguzi aliyekuwa karibu aliipokea na kuiunganisha wodini, ambako mwenzake alieleza hali ya mgonjwa, na mazungumzo yakarushwa hewani. Siku chache baadaye muuguzi aliyepokea alijitoa uhai. Mtu aliyepewa kazi isiyo yake, bila maelekezo, ndiye aliyebeba uzito wa kosa lililopangwa na wengine. Ofisi yoyote inaweza kuwa na jibu moja la kumkinga mtu wake, liwe kwa ndugu, askari, mwandishi wa habari au kigogo: "Nachukua jina na namba yako, mhusika atakupigia." Jibu hilo halikiri hata kwamba anayeuliziwa ni mteja. Na mwenye ofisi lazima amtetee karani siku kigogo atakapolalamika kwamba amejibiwa hivyo.

Makosa madogo nayo yana gharama. Karani akikubaliana na mteja wa Kigamboni "saa nne," wote wawili wanajua ni asubuhi. Akiandika 4:00 kwenye kalenda ya kompyuta, kompyuta inaelewa saa kumi alfajiri. Mteja aliye Muscat mwenye kiwanja Unguja anataja saa za kwao, ambazo zinatangulia za huku kwa saa moja. Aliye Minneapolis yuko nyuma kwa saa nane au tisa kulingana na majira. Dawa ni kutaja saa, sehemu ya siku, siku na tarehe, na kumwomba mteja arudie. Namba za simu husomwa kwa mamia, na "mia mbili na sita" imekwisha kuandikwa 26 mara nyingi katika ofisi nyingi. Zisomwe tarakimu mojamoja.

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, laini inayopokea simu mara nyingi ndiyo inayopokea ada. Hilo lirekebishwe. Malipo yawe na Lipa Namba au tili yake, na mteja aambiwe siku ya kwanza, kwa mdomo na kwa maandishi, kwamba hakuna karani wala wakili atakayempigia kubadilisha namba ya malipo. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" kila mtu ameshauona. Anayeupata wiki ileile aliyoahidi kulipa ada ya wakili ndiye anayenaswa.

Yamebaki mamlaka. Karani aliyefundishwa vizuri, mwenye buku, bando na kadi, bado anashindwa ikiwa hana ruhusa ya kugonga mlango wa ndani. Ofisi nyingi zimemjengea hofu: wakili akiwa na mteja asisumbuliwe, daktari akiwa na mgonjwa asiitwe. Kanuni hiyo inahitaji orodha fupi ya mambo yanayoivunja, iliyobandikwa upande wa ndani wa meza ambapo karani peke yake anaiona. Kwenye kliniki ya meno ni jino lililotoka, damu isiyokoma, uvimbe wenye shida ya kupumua. Kwa mhasibu ni maofisa wa kodi walioko dukani kwa mteja sasa hivi.

Kwa wakili, la kwanza kabisa ni mtu aliyekamatwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Tanzania, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inaweka saa nne za msingi ambazo polisi wanaweza kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, zikihesabika tangu alipowekwa chini ya ulinzi huo. Dada anayepiga akilia saa tatu usiku kusema kaka yake amechukuliwa haoni saa hizo, ila zinaanza kuhesabika bila yeye. Kwa hiyo lazima ijulikane simu ya ofisi inalala na nani, zamu ziandikwe, na anayelala nayo alipwe kwa kulala nayo. Anachotakiwa kupata kwa dada huyo ni kifupi: jina la kaka kama lilivyo kwenye kitambulisho, kituo gani cha polisi, alichukuliwa saa ngapi na wapi, kama ana ugonjwa unaohitaji dawa, na namba ya mtu aliye karibu na kituo. Kisha anampigia wakili, na asipopokea anampigia wakili wa pili, na asipopokea naye anaendelea kupiga.